Sidii za Kijani na Mafuta ya Pasta

Usidanganywe na mtu: mwaka wa tisini na tisa, pale mjini Nyeri, aliyejua kuchoma sidii, yaani kuziandikia nyimbo kwa kompyuta, ni Kajuju, na mwenyewe alijivunia hilo waziwazi. Lakini Alhamisi hiyo jina lake lilikuwa linakwenda na maji.

Kwaya ya Naro Moru ilikuwa imerekodi nyimbo za dakika ishirini kwenye kaseti. Redio ilitaka sidii, na pasta wao alikuwa anashuka Nairobi saa nane kuipeleka. Walimletea Kajuju sidii tano tupu, za kijani, za kampuni ambayo hajawahi kuisikia, wakasisitiza kwamba itakayopelekwa redioni iwe mojawapo ya hizo tu. Tatu zilikuwa zimeshaharibika. Mashine ya kuchomea ilivuma kidogo, ikagoma, na sidii ya namna hiyo ikiharibika haifutiki.

"Si ungebaki Meru uchume miraa?" alichokoza Mutahi, mpiga picha wa duka la pili, ameegemea mlango. "Haya mambo ni ya Nairobi."

"Nikishindwa nitakuita ucheke. Saa hii toka kwa mwangaza."

Kajuju akatia sidii moja kati ya zile alizozizoea. Ikachomeka mpaka mwisho. Kumbe mashine haina neno, na nyimbo hazina neno. Akainua ya kijani dirishani, akaiinamisha. Karibu na tundu palikuwa na alama ya kidole gumba. Akaangalia zote tano: kidole kile kile, mahali pale pale.

"Mama Wakonyo," akamuuliza kiongozi wa kwaya, aliyekuwa ameketi kwa benchi na mkoba wake mapajani, "nani alishika hizi?"

"Ni pasta. Ziliombewa Jumapili, akazipaka mafuta, kila moja, huo upande unang'aa. Ati alikosea?"

Mutahi alicheka mpaka akakohoa. Kajuju hakucheka. Mashine huanza kuandika karibu na tundu, na ndipo mafuta yalipokuwa. Akachukua kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni, akapangusa kutoka katikati kwenda nje, polepole, akaikausha, akaitia.

Ikafika nusu. Ikagoma.

Loh! Imebaki moja. Wakonyo akafumba macho, midomo ikicheza. Kajuju akajikemea: fikiri, mwanamke! Mafuta yalikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa lake. Alikuwa anachoma kwa mwendo wa nne, mara nne ya kasi ya wimbo wenyewe, kama anavyozichoma zake. Mgeni hakimbizwi siku ya kwanza. Akaipangusa ya tano, akashusha mwendo hadi wa kwanza, akafunga kila kitu kingine kwenye kompyuta, akakataza mtu kugusa meza.

Dakika ishirini mashine ilivuma, na hata Mutahi akatoka mlangoni kuja kuitazama.

Sidii ikatoka. Kajuju akaitia kwenye redio ya dukani, na sauti za Naro Moru zikajaa chumba. Akaisikiliza yote, kidevu juu, kisha akaitoa na kuilaza juu ya kitambaa.

Wakonyo akafungua mkoba, akatoa kichupa.

"Mama, tafadhali! Usiipake!"

"Nani anapaka sidii?" Akamshika Kajuju mikono, akampaka mafuta vidole vyote kumi. "Pasta alikosea mahali, msichana wangu. Yalikuwa ya hii mikono."

Machozi yalimlenga Kajuju. Saa nane ilikuwa inakaribia, na vidole vyake vilikuwa vinameremeta.

"Mutahi," akaita, mikono hewani, "kuja uitie kwa kasha. Na uishike ukingoni tu."