Chandarua Kilichopigwa Pasi

Vikombe vinne vya karatasi vilikuwa mezani, mbu watano ndani ya kila kimoja, na fundi wa kushona alikuwa amewakodolea mpaka macho yakamwasha. Walikuwa wamewekwa dakika tatu kwenye wavu wenye dawa wa chandarua chake, kisha wakahamishiwa humo. Sasa ni kungoja saa nzima. Kumi na sita kati ya ishirini wakianguka, kiwanda kitakubali mlango wake wa chandarua.

Mlango huo aliubuni kwa hasira. Binti yake alikuwa na mtoto mchanga, na kila usiku chandarua kiliinuliwa mara sita, mara saba, pindo likichomolewa chini ya godoro na kukanyagwa, mpaka wavu ukachanika na mbu wakaingia kama wenye nyumba. Mtoto akalazwa hospitali siku tano kwa malaria. Fundi alirudi kiwandani, akakata wavu ubavuni, akashona vipande viwili vinavyopishana kama mbele ya koti, mtu apenye bila kugusa pindo. Alishona vyandarua viwili vya namna hiyo. Kimoja cha kupimwa, kimoja akampelekea binti.

Mpimaji, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shemeji wa Mbu kwa jinsi alivyowatunza, alikuwa akikipapasa chandarua. Akasema hajawahi kuona kilichonyooka namna hii. Hiki ukikialika harusini kinakwenda.

Fundi alicheka. Halafu akakivuta chandarua kwake.

Alikuwa amekipiga pasi. Wala hakufikiri. Miaka kumi na tisa ya kushona sare na magauni, hakuna kitu kilichotoka mikononi mwake na makunyanzi. Pasi yenyewe ya uvuguvugu, wavu usiyeyuke. Tangazo ukutani lilisema wavu wenye dawa usisogezwe karibu na moto, naye alilisoma kila asubuhi akidhani wanasema jiko. Na alivipiga pasi vyote viwili, siku moja.

Akihesabu siku tangu ampelekee binti kile kingine, zilikuwa kumi na mbili.

Akifungua mdomo, sampuli itatupwa, na zamu nyingine ya kupima ni baada ya miezi sita. Akinyamaza, huenda mbu wakaanguka na mambo yakaisha. Alisogelea vikombe. Saba walikuwa chali. Mmoja akapiga miguu, akajigeuza, akaruka. Wamebaki sita. Mkuu wa karakana aliingia, akamuuliza mbona anatoka jasho kama mwizi, naye akasingizia joto. Kila alipotazama vikombe, aliona kichwa kidogo cha mjukuu kwenye mto.

"Mdogo wangu," alimwambia mpimaji, "pasi inaua dawa?"

"Pasi ipi, dada?"

"Nimekipiga pasi hicho. Na ndani ya kingine analala mjukuu wangu."

Mpimaji aliweka kalamu chini. "Dawa hii haipendi joto. Imepungua kiasi gani sijui, hakuna aliyewahi kuniletea chandarua kilichopigwa pasi."

Mkuu alipandisha pumzi na kuishusha. Akasema sampuli imeharibika, wataonana baada ya miezi sita, na siku ya kushona kingine pasi ibaki kwake ofisini chini ya kufuli. Fundi hakubisha. Alichotaka ni kwamba iandikwe kosa ni la pasi na la aliyeishika, mlango usihusishwe. Alisimama pale mpaka ikaandikwa. Saa ilipotimia, Shemeji wa Mbu alihesabu hata hivyo. Waliokuwa chini ni tisa.

Fundi alitoka chumba cha kupimia, akampigia binti. Binti alianza kuusifu mlango, akisema sasa hata baba watoto anaingia bila kutukana.

"Kiondoe," alisema fundi. "Rudisha kile cha zamani. Nakuja na sindano kuziba matundu."

"Mama, si wewe ulisema hiki ni bora?"

"Nilisema. Nimekiharibu mwenyewe kwa pasi. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala."

"Mguse shingo."

Simu iliwekwa juu ya kitu kigumu. Fundi alisikia ndara zikienda, kisha kitanda kikilia. Nyuma yake mashine za kushona ziliendelea kunguruma. Ndara zikarudi, taratibu mno.

"Hana joto, mama."

"Mguse tena," alisema fundi. "Nyuma ya masikio."