Jina Langu Kwenye Ukuta wa Malkia

Usiku wa jana niliota ndoto ya kuniaibisha, na naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa bata.

Nimefika Misri, kwenye hekalu la kale walilojengewa wafu ili waletewe chakula milele. Mimi ni mwalimu wa historia. Miaka kumi na saba nafundisha habari za Misri na sijawahi kuvuka hata mpaka wa Namanga. Basi kimbelembele kikanipanda. Nikatoa ufunguo wa nyumba, nikakwangua ukutani majina yangu yote matatu, na chini yake: ALIKUWA HAPA.

"Umeandika juu ya jina la malkia," akasema bata.

Bata mwenyewe kachorwa ukutani, juu ya meza ya sadaka, kachinjwa na kunyonyolewa tayari.

"Shikamoo," nikasema, maana ana zaidi ya miaka elfu tatu.

"Marahaba. Ona sasa ulichofanya."

Pale ukutani Malkia Tahenut ameketi mbele ya mikate na zabibu. Bata akanieleza kwamba hapa chakula humfuata mwenye jina. La malkia nimelikwangua, langu linasomeka vizuri sana. Mikate ikageuka, ikaanza kunijia mimi.

Nami, sina haya, nikala.

Tonge la kwanza likanivuta ukutani. Uso ukageukia pembeni, mabega yakabaki yametazama mbele, miguu ikaufuata uso. Kisha nikasinyaa mpaka nikawa sawa na goti la malkia.

"Mbona mdogo hivi?"

"Hapa mtu huchorwa kwa kadiri ya cheo chake."

"Lakini mimi ni mwalimu mwandamizi!"

Nikapungua tena kidogo.

Ukuta sasa ni ubao wa darasani kwangu. Wanafunzi wa kidato cha pili wananichora kwenye madaftari yao. Hakuna hata mmoja anayecheka, na hilo ndilo linaloniuma. Malkia anapapasa meza tupu.

"Mwanangu," ananiambia, "sijala tangu ulipoingia. Jua likizama sijala, nakufa mara ya pili, na safari hii sina kaburi."

Jamani, niliona haya.

"Nifanyeje, Mama?"

"Futa lako, uandike langu."

"Fikiri kwanza," akasema bata. "Jina likifutwa hapa, hufutika kila mahali."

Nalipenda jina langu. Nimeliandika hata kwenye kiti changu cha ofisini, wenzangu wasikikalie. Nikalisugua kwa kiganja mpaka ngozi ikachubuka, huku nikijionea huruma kwa sauti. Bata akanitajia alama za jina la malkia moja moja, nikachora.

"Mwewe wako anafanana na kuku," akasema, "lakini atasomeka."

Malkia akauma mkate. Alikula kwa furaha mpaka nikalia.

Nikaamka, kumekucha, simu inaita.

"Habari za asubuhi. Naongea na nani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikakata simu.

"Mama Shani," nikamwita mke wangu, "hebu niambie, mimi naitwa nani?"

"Baba Shani, umeshaanza vituko asubuhi yote hii?"

"Si hilo. Jina langu, nililopewa na wazazi."

Akacheka, akatikisa kichwa, akafungua mdomo alitaje.

Halafu akaacha kucheka.