Filtre Yenye Numbi Alikuwa Anafua

Siku ya posho asubuhi, kesho yake ikiwa siku ya Mungu, Wivine alipigia baba yake simu toka Makomeno. Hakumusalimia hata.

— Papa, Kiki amekohoa tena usiku yote. Kila siku ya Mungu unamubeba ku misa mu gari yako, kila siku ya Mungu anarudia na kifua. Nimechoka. Hatapanda tena mu ile gari mupaka uitengeneze.

— Ni barabara, mwanangu! Bale bakubwa ba serikali balisema batatia goudron, lami, mbele ya uchaguzi. Uchaguzi ilipita, goudron ikabakia mu kinywa yabo. Makamyo ya madini inapita pa mulango yangu, vumbi tunaikula na bukari...

— Papa, bakubwa habakohoe. Anakohoa Kiki.

Akakata.

Papa Kunda alibaki ameshika simu. Tangu bibi yake wa ndoa, Numbi, alipokufa, miaka miwili sasa, mu nyumba yake ya mutaa wa Hewa Bora hakukuwa sauti ingine isipokuwa ya redio, na ile redio nayo alikuwa anaitukana. Wiki nzima hakuna muntu wa kumuita jina. Kiki, mujukuu wake wa miaka saba, njo muntu peke yake aliyekuwa anakaa pembeni yake mu gari: kwenda misa, kurudi, na maulizo yasiyo na mwisho njia yote. Bakimunyanganya na huyu mutoto, anabaki na nini?

Akaenda kwa fundi wa gari, Chishimba. Fundi akawasha clim, mashine ya hewa baridi, mupaka mwisho, akaweka mukono mbele ya tundu la hewa.

— Inapumua kama muzee anayepanda mulima. Na hii harufu! Papa Kunda, filtre ya clim, ile ya kuchuja vumbi, ulibadilishaka lini?

— Kubadilisha kwa nini? Ile filtre ni safi kuliko shati yako. Ninaifuaka kila mwezi.

— Unaifua?

— Na sabuni. Kisha ninaianika pa kamba.

Chishimba alicheka mupaka akashika mulango wa gari asianguke.

— Na pasi, Papa? Unaipigaka na pasi?

Papa Kunda hakucheka. Numbi njo alianza. Mwaka ule balipopata gari, aliona kile kintu kimejaa vumbi, akasema ni kama pazia tu, akakitia mu beseni pamoja na kola za mashati. Bajirani bakauliza ni nguo gani ile. Mazishi ilipoisha, ndugu zake Numbi balibeba vikwembe vyake vya kuvaa na masufuria yake. Ile kazi ya beseni hakuna aliyeibeba. Papa Kunda akaishika yeye, kila mwezi, na sabuni ileile.

Chishimba akafungua kale kasanduku ka mbele ya kiti cha kushoto, kile cha Kiki, akatosha mule makaratasi, akabana pande mbili za kasanduku mupaka kakashuka. Nyuma yake kukaonekana kifuniko cheusi. Akakibandua, akavuta filtre, akaiinua kuelekea jua. Pahali pengine vumbi iliganda, pengine mwanga ukapita mu matundu.

— Angalia mwenyewe. Hii haiko kikwembe, ni karatasi. Ukiisugua inafunguka, vumbi yote inaenda moja kwa moja ku pua ya mutoto. Hata kuipuliza na compresseur ya upepo inaitoboa. Hii ni kutupa, kutia mupya. Benye kutembea pa goudron banabadilisha mara moja ku mwaka. Siye ba vumbi, mara mbili: mbele ya kiangazi, na tena kiangazi kikiisha. Ukiona upepo unapunguka, ao vioo vinashika ukungu mu mvua, usingoje.

— Kama bangetia goudron...

— Bangetia, Papa, na weye ungeendelea kufua.

Papa Kunda akapandwa na hasira.

— Numbi hakukuwa mujinga!

Chishimba akaacha kucheka.

— Hakuna aliyesema vile. Alipenda gari iwe safi. Lakini karatasi ni karatasi.

Papa Kunda akanyoosha mukono, akaomba filtre mupya aitie yeye mwenyewe. Chishimba akamuonyesha mushale uliochorwa pembeni ya filtre: unafuata njia ya hewa, kwa hii gari unaangalia chini. Ile ya zamani alikuwa anaitia vyovyote. Akaisukuma polepole, akafunga kifuniko, akarudisha kasanduku. Ile ya zamani akaitupa mu pipa ya takataka, akageuka mbio.

Akapigia Wivine simu.

— Haikuwa barabara. Ni miye. Nilikuwa ninafua filtre kama mama yako. Ikatoboka. Njo mimi nilikuwa ninamupulizia mutoto vumbi.

Ku simu kulisikika kijiko mu sufuria, kisha kikanyamaza.

— Maman alikuwa anaianika karibu na nguo yangu, ile robe ya komunyo, Wivine akasema, sauti imeshuka. Lakini Papa, kesho usikuye kumubeba. Nimeshaambia mama-mukwe, Kiki ataenda misa naye. Siku ya Mungu ingine, tutaona.

— Tutaona.

Lile neno alikuwa analisikia kwa bakubwa miaka yote, na kila mara alipata la kulijibu. Mara hii alilirudia tu, akatia simu mu mufuko.

Kesho yake alienda misa peke yake, vioo vimefungwa, clim imewashwa. Kamyo ikamupita, njia yote ikawa nyekundu. Ndani hakukuingia hata chembe ya vumbi. Alivuta pumzi: harufu ya sabuni ya Numbi haikuwa mule tena. Akanyoosha mukono kufunga tundu la hewa la upande wa kiti kitupu cha Kiki, lisipulize bure, halafu akaliacha wazi.