Ng'ombe Aliyefungiwa Simuni

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, lori la mfanyabiashara Nshimiyimana lilisimama kwenye kizuizi cha Mushaki likiwa na ng'ombe sita. Mmoja wao alikuwa wa Béata Tumukunde.

Béata alimtambua kwa pembe zake na kwa namna alivyozoea kuinamisha kichwa upande wa kushoto. Alijua pia kwamba pembe si ushahidi. Ng'ombe huyo, mwenye mimba, alitoweka malishoni Ijumaa. Lori lilikuwa likielekea machinjioni Goma.

"Docta, ile ng'ombe iko yangu," alimwambia Déo, daktari wa mifugo aliyekagua wanyama kizuizini.

"Onyesha."

Zamani kuonyesha kulikuwa rahisi: chama cha wafugaji kilimchoma kila ng'ombe alama pajani. Mwaka juzi wakaacha, wakaanza kuvalisha vifungo vya njano sikioni. Ukikielekezea kifungo simu, programu hutoa jina la mwenye mnyama na picha aliyopigwa akiwa ndama. Kukitoa ni kupasua sikio, na mnunuzi ataona. Béata, aliyewahi kufundisha hisabati, ndiye aliyewashawishi wenzake. Kwa kuwa mtandao haufiki malishoni, kumbukumbu za kila mfugaji hukaa ndani ya simu yake mwenyewe tu.

Alielekeza simu. Kwenye kioo kukatokea maandishi: Toleo hili halifanyi kazi kwenye mfumo mpya wa simu. Nunua toleo jipya.

Jana yake simu iliomba kusasisha mfumo, naye akakubali.

"Kumbe ng'ombe ya mama inalalaka ndani ya simu," alisema Nshimiyimana, na dereva wake akacheka. "Mimi niliuziwa ku soko ya Burungu, mbele ya bantu. Docta, mvua inakuja. Barabara ya Sake ikiharibika, wewe njo utasukuma?"

Déo alitazama mawingu. "Mama Béata, siwezi kushika lori juu ya maneno. Maliza na simu yako mbio."

Béata alimpigia Habumugisha, kijana wa Goma aliyetengeneza programu hiyo.

"Mama, version ya zamani ilikufa na ile mise à jour ya simu. Ya mupya iko dola kumi na tano."

"Nilishalipa."

"Ulilipa ya simu ya wakati ule. Benye kutengeneza simu njo balibadilisha mambo, si mimi. Miezi mbili sikulala, niko naandika upya. Nani alinilipa ile kazi?"

Béata aliipima hoja hiyo na hakuona uongo ndani yake. Fundi akikujengea zizi, kisha kilima kikaporomoka, huwezi kumdai zizi la pili bure. Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa kweli vilevile.

"Kazi yako ilipwe, sikatai," alisema. "Ukiongeza kitu kipya, niuzie. Lakini picha nilipiga miye, majina niliandika miye. Leo unanifungia inje ya vitu vyangu. Na juu ya nini haukutuambia mbele tukubali ile mise à jour?"

"Niliandika ku site."

"Nani mufugaji wa Mushaki anasomaka site?"

Dereva aliwasha injini, na ng'ombe wakayumba.

"Acha bantu basome ng'ombe zao bila kulipa," alisema Béata. "Ya mupya njo tutalipa."

"Kusoma njo kazi yote, Mama. Nikifungua ile, nimetoa yote bure."

Hilo nalo aliliamini. Hasira ilimpanda, akaiacha ikae, kwani isingemteremsha ng'ombe. Alituma kwa simu fedha alizoweka kwa ajili ya dawa ya kupe, na salio likabaki franga chache.

Programu mpya ilianza kupakuliwa simuni. Ikafika nusu, ikakwama.

Nshimiyimana alipanda kando ya dereva, akapiga mlango kwa kiganja. "Twende."

"Ngojeni," alisema Déo, lakini hakutoka alipokuwa. Béata ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya lori, simu akiwa ameiinua juu kutafuta mtandao. Dereva alipiga honi. Alipiga tena. Programu ikamaliza kupakuliwa.

Béata alikanyaga gurudumu, akapanda, akaelekeza simu kwenye sikio. Jina lake likatokea, na chini yake picha ya ndama mwenye doa jeupe chini ya jicho la kulia. Déo alitazama picha, kisha akamtazama ng'ombe.

"Ateremke."

"Na franga yangu?" aliuliza Nshimiyimana.

"Rudi Burungu, uulize mwenye alikuuzia."

Ng'ombe alipopita, nyuma yake kikaonekana kifungo kingine cha njano, sikioni mwa ng'ombe mwingine. Béata akakielekezea simu: Hayumo katika kundi lako. Akampigia jirani yake Isidore, aliyepoteza ng'ombe Ijumaa ileile.

"Simu yangu nayo inaniomba dola kumi na tano," alisema Isidore. "Nitoe wapi?"

Béata alimpigia Habumugisha tena. Hakupokea.

"Ushahidi, Mama?" aliuliza Déo.

"Iko kwa simu ya Isidore."

"Basi haiko hapa."

Matone ya kwanza yalianguka. Déo aliinua kizuizi, na lori likateremka kuelekea Sake likiwa na ng'ombe watano.