Difu ya Mbele

Njia ya Bonde, nyuma ya mji wa Malava, ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna mbeba miwa aliyehitaji kusomewa. Mwenye lori atakayeziba njia atapakua shehena kwa mikono yake mwenyewe, na zamu yake itamwendea aliye nyuma yake hadi msimu uishe. Sheria hiyo haikuuliza sababu. Hezekiah Osundwa alikuwa mmoja wa walioitunga, na hakuna aliyekumbuka siku ambayo aliilegeza kwa ajili ya mtu.

Msimu huu hakuwa na kitu kingine ila lori. Ng'ombe wake walikuwa wameuzwa ili kuliinua: springi nene, na matairi makubwa yaliyofika karibu na kifua chake. Mvua ilikuwa imekataa kuisha, na bonde lilikuwa likiyameza malori mafupi mpaka ekseli. Kazi ya barabara kuu ilikuwa imechukuliwa na wenye trela. Kazi ya bonde ndiyo iliyobaki. Angeikosa, lori lingeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, naye, mzee wa miaka sitini na minane, angekaa uani akingoja kupewa chakula.

Lakini matairi makubwa yalikuja na ugonjwa wao. Kila yalipozunguka mara moja yalipiga hatua ndefu kuliko yale ya zamani, na injini ilikuwa ile ile. Kilima alichozoea kukipanda kwa gia ya tatu sasa kilimtaka ya kwanza, na klachi ilinuka kama mfupa unaoungua. Osundwa aliandika kwa kidole juu ya vumbi la boneti, akagawanya kama alivyofundishwa na walimu wa misheni, bila kuruka mstari. Kisha akalipeleka lori kwa Anwar, fundi mzaliwa wa Matungu aliyekuwa na gereji karibu na Shieywe.

"Salaam aleikum, mzee. Naona umelivalisha viatu vya baba yake."

"Acha mzaha. Difu zilizomo, hayo meno ya ekseli, ile nondo ya propela huzunguka mara nne na kidogo ndipo tairi lizunguke mara moja. Nataka karibu mara tano."

Anwar alipima tairi kwa macho. "Hesabu yako ni sawa. Ukizidisha hapo, litakuwa trekta, kiwandani utafika kesho. Ukipunguza, klachi utabadilisha kama soksi." Akaingia stoo, akatoka akipangusa mikono. "Ya nyuma ninayo. Ya mbele sina, na Eldoret nimepiga simu, hawana."

"Basi tia ya nyuma."

"Mzee, lori lako linavuta mbele na nyuma. Meno yasipolingana, ukifunga gia ya mbele ni kama ng'ombe wawili katika nira moja, mmoja anakimbia, mwingine anatembea. Kitu kitakatika. Wacha niitoe propela ya mbele, uvute kwa nyuma peke yake mpaka nyingine ipatikane."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kamati ya wabeba miwa haikuruhusu lori lisilovuta mbele na nyuma kushuka bondeni, na mwenyekiti wake, Wanjala, alikuwa na desturi ya kulala chini ya kila lori na kutazama.

"Usiitoe," alisema Osundwa.

"Ya nini, kama hutaitumia?"

Osundwa alikuwa amelelewa kujua kwamba uongo ni uongo hata usipotamkwa. Lakini miwa ya Beverlyne, mjane wa ndugu yake, ilikuwa imekwisha kukatwa na kulala shambani, na miwa iliyokauka hukataliwa langoni mwa kiwanda. Aliiweka miwa hiyo mbele ya dhamiri yake, na dhamiri ikanyamaza.

Siku ya kushuka bondeni, Wanjala alitoka chini ya lori na majani mgongoni. "Propela iko. Huyu mzee hadanganyangi mtu. Pita." Akampa kibati cha namba ya zamu, naye Osundwa akakichomeka kwenye kioo.

Meno ya nyuma yalifanya kazi kama alivyokokotoa. Lori lilishuka bondeni kwa utulivu, likajazwa miwa ya Beverlyne, likaanza kurudi likiunguruma bila kulalamika. Kwa muda mfupi Osundwa alijiona kama mtu aliyechagua vema. Kisha wakafika penye tope jeusi katikati ya kilima, na matairi ya nyuma yakaanza kuchimba.

Nyuma yake Wanjala, katika lori lake mwenyewe, alikuwa ameshikilia honi. "Mzee! Hiyo ya mbele unaiwekea nani? Harusi?"

Wakataji wa miwa waliopanda nao kilima wakacheka. Beverlyne, aliyekuwa akipanda kwa miguu kando ya lori, aligonga mlango. "Shemeji, funga ya mbele, tafadhali. Mvua ndiyo hiyo inakuja."

Angeweza kusema. Akatazama nyuso zile zilizomwamini, akasukuma mkono wa gia ya mbele.

Lori likatoka. Tope lilikuwa laini, na magurudumu yaliteleza kila mara meno yalipogombana, kwa hiyo hakuna kilichoumia. Wakataji wakapiga makofi. Osundwa alijua ni lazima aifungue gia ile kabla ya kufika kwenye murami, ile changarawe ngumu. Akavuta. Haikutoka, chuma kilikuwa kimekazana na chuma. Akavuta kwa mikono miwili. Matairi ya mbele yakauma murami, pale ambapo njia hupita kati ya kingo mbili za udongo, na chini ya miguu yake kukatoka mlio mmoja mkubwa. Oili ikamwagika njiani. Lori halikwenda mbele wala nyuma.

Wanjala alikuja, akainama, akatazama kile kisanduku kigawacho nguvu kilivyopasuka. "Ni nini hii, mzee?"

"Difu hazilingani. Nyuma ni mpya, mbele ni ya zamani."

"Fundi hakukuambia?"

"Aliniambia. Nilijua."

Beverlyne akageuza uso, akatazama miwa yake.

"Wacha vijana wakusaidie kupakua," Wanjala alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Watu wataelewa."

"Sheria inasema mikono ya nani?"

"Yako."

Akapanda. Mvua ikaanza alipokuwa akitupa mafungu ya kwanza kando ya njia, na hakuna aliyecheka tena. Mara mbili aliteleza, mara mbili akainuka. Beverlyne hakungoja, alijitanda leso kichwani, akateremka kuelekea nyumbani bila kuaga. Sakafu ya lori ilipokuwa tupu, trekta ililiburura lori mpaka kando, gurudumu moja la mbele likiwa limepinda.

Osundwa aliingia ndani kwa mara ya mwisho. Alikitoa kibati cha zamu kwenye kioo, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakiweka kiganjani mwa Wanjala, aliyekuwa nyuma yake njiani.