Tovuti ya Magimbi ya Rotuma

Tangu mumewe afariki, Sarote aliishi peke yake Motusa, upande wa magharibi wa kisiwa cha Rotuma. Wanawe wote walikwisha hamia Brisbane. Alibaki na shamba la magimbi, na humo mlikuwa na aina ambazo majirani walikwisha acha kuzipanda. Ndipo akampigia simu binamu yake Kafoa, fundi wa kompyuta huko huko Brisbane, wafungue tovuti ya magimbi ambayo kila Mrotuma, popote alipo, angeweza kuiandikia.

Ubishi ukazuka kwenye kuchagua programu. Kafoa alitaka ile ya kawaida ambayo mafundi huiita "wiki": ukurasa mtupu, mtu anaandika apendavyo. Sarote alitaka ile yenye visanduku vya kujaza: jina, rangi ya shina, muda wa kukomaa, kijiji, anayelipanda.

"Dada, hao ni ndugu zako, si mabwana shamba. Ukiwawekea visanduku watakimbia."

"Wakimbilie wapi? Kila mtu akiandika ovyo, nitaiulizaje tovuti ni gimbi gani limebaki kwa mtu mmoja tu?"

"Utasoma kurasa zote mwenyewe."

"Kwa macho haya? Weka visanduku, Kafoa. Mimi nimekubeba mgongoni, usinibishie."

Kafoa akaweka. Sarote akawa anajaza kila jioni, mtandao ukikubali, kisha anafungua ukurasa wa mabadiliko mapya aone nani mwingine amepita. Sarote. Sarote. Sarote. Mwezi ukaisha, jina ni lile lile.

Siku moja akaiuliza tovuti lile swali lake. Jibu likaja upesi: karibu kila aina ilikuwa na mpandaji mmoja, yeye. Akashindwa kujua kama kweli kisiwa kimefikia hapo, au ni kwamba hakuna mwingine aliyejaza.

Akampigia Kafoa. "Ndugu wanasemaje huko?"

"Wanaogopa. Shangazi Jieni kule mjini Suva alifika penye 'muda wa kukomaa' akazima simu. Alidhani anaulizwa umri wake."

Sarote akacheka. "Niongezee kisanduku kimoja kisichouliza kitu. Waandike humo watakacho."

"Si ndicho nilichokwambia?"

"Nilikusikia. Sikutaka tu kukusikia."

Haikupita juma, jina la Jieni likatokea kwenye ukurasa wa gimbi mojawapo. Alikuwa ameandika kwa kirefu, bila nukta hata moja: *gimbi hili la shina jeusi si la Motusa ewe Sarote mumeo alilichukua kwa baba yangu kule kijijini Oinafa usiku akaniomba nisikwambie maana alishakudanganya ni la ukoo wao*

Sarote alicheka hadi akaiweka kompyuta chini. Akageuka kumsuta mumewe, mdomo tayari umefunguka, akaukuta mkeka wa marehemu umekunjwa ukutani vile vile.

Akaiinua tena kompyuta. Kisha akafuta Motusa kwenye kisanduku cha kijiji, akaandika Oinafa. Akaanza kumwandikia Jieni: "Shangazi, mengine aliyokuomba usiniambie ni yapi?"