Rashi ya Viazi

Wakubwa wa chuo waliamua kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho afanye utafiti chini ya wasimamizi wawili wa fani tofauti, ili elimu zioane. Ndoa za namna hiyo hupangwa na watu wasiolala nyumba hiyo. Martina Jilala, wa sayansi ya udongo, akapewa Daktari Nassibu, aliyeujua udongo kuliko alivyowajua majirani zake, na Daktari Apolonia wa sosholojia, ambaye kwake udongo ulikuwa kitu cha kufuta viatuni.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa viazi vitamu. Martina alivipanda katika shamba la baba yake mdogo, Mihayo, nje kidogo ya Runzewe: matuta mengine akayatia samadi, mengine majivu, mengine akayaacha hivyo hivyo. Ilibaki kuvuna, kupima kila tuta peke yake kwenye mzani, na wasimamizi wote wawili washuhudie na kutia saini palepale shambani. Saini moja ikikosekana, anarudia mwaka. Na baba yake kule Didia alikuwa ameshamtenga ng'ombe dume wa sherehe ya mahafali, na kila mgeni aliyefika alipelekwa zizini kuonyeshwa.

"Usimwambie mtu unachofanya," Daktari Nassibu alimuusia tangu mwanzo. "Watu wakijua, watakuja kukusaidia, na watu wakisaidia, vipimo vinaharibika. Chota udongo asubuhi na mapema, ufunge, uuweke mbali na mikono yao."

"Pita kila nyumba, salimia, eleza," alisema Daktari Apolonia.

Martina alijua ni yupi kati yao aliye mchoyo wa maksi, akamfuata huyo.

Kwingine, msichana anayechota udongo kimyakimya na kuufunga kwenye vifuko angedhaniwa mchawi, mambo yakaisha. Lakini Runzewe ni nchi ya dhahabu. Hapo mtu akichota udongo kwa siri, akaulizwa, akajibu, "Ni mambo ya shule tu," basi kila mwenye akili anajua ameona kitu. Mihayo aliona, akanyamaza kama muungwana. Alimwambia mtu mmoja tu, siku ya gulio, tena kwa siri.

Asubuhi ya mavuno Martina alikuta shamba limejaa watu. Walikuwa na sururu, kamba na ndoo. Mama lishe wawili walikuwa wameshawasha majiko. Baba mdogo Mihayo alikuwa amekalia kiti chenye mito, kilichotolewa sebuleni.

"Shikamoo, baba mdogo. Hawa ni nani?"

"Marahaba, mayu, mwanangu. Unakula ugali wangu mwezi baada ya mwezi, na jambo kubwa hivi nalisikia kwa watu." Aliumia kweli, ingawa kiti kilimpendeza.

"Baba mdogo, hapa kuna viazi tu."

Mwanamume mwenye buti za mpira alicheka kwa heshima. Huyo alikuwa Chacha, ambaye maishani mwake hakuwahi kukosa rashi hata moja ya kukimbilia dhahabu mpya, na ndiye aliyeteuliwa mwenyekiti kwa sababu alifika wa kwanza. "Mmesikia? Angekuwa muongo, angesema dhahabu ipo."

Martina aliapa, akalia, akaonyesha kiazi. Kila alivyokana ndivyo walivyozidi kumwamini. Kisha gari la chuo likafika, Daktari Nassibu akashuka na suti yake, akapanda juu ya tuta na kuwaeleza habari za fosforasi. Alieleza vizuri mno. Msomi mzima atoke Shinyanga na gari la serikali kwa ajili ya viazi? Wale waliokuwa na mashaka walitoa simu wakawapigia ndugu zao, na mpaka chai inaiva, pikipiki zilikuwa njiani kutoka hata Kalangalala kule mjini.

Daktari Apolonia, aliyeshuka gari hilohilo, hakuhutubia mtu. Alienda jikoni kwa mama lishe, akawaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akakaa kwenye ndoo, akala chapati mbili, kisha akamrudia Martina.

"Umewauliza kwa nini hawajaanza kuchimba?"

Martina hakuwa ameuliza.

"Wanakusubiri wewe. Desturi ya rashi, mgunduzi ndiye mwenye neno la kwanza. Mpaka aseme, sururu haiingii ardhini. Sasa wewe unalia badala ya kusema."

Martina akajifuta uso kwa kanga. Aliogopa, lakini alimkumbuka yule dume wa Didia, akapanda juu ya tuta.

"Mimi ndiye niliyeanza kuchota udongo hapa," alisema, "na neno langu ni hili. Viazi kwanza. Kila tuta ling'olewe peke yake, lirundikwe mbele ya kijiti chake cha alama, lipimwe. Kiazi kimoja kikihama tuta, hakuna anayepata duara la kuchimba."

Utafiti haujawahi kuwa na wasaidizi kama wale. Watu waliozoea kugawana mawe ya dhahabu hadi punje ya mwisho hawachezi na mgawo. Kila rundo liliwekewa mlinzi. Jamaa mmoja aliyebeba kiazi cha samadi akakiweka kwenye majivu nusura achapwe. Chacha mwenyewe alisimama kwenye mzani, akitangaza uzito kwa sauti ya mnada, na jua halijawa kali kazi ikawa imekwisha. Samadi ilishinda kwa mbali. Martina alifurahi, kisha furaha ikamchoma, maana watu walikuwa wamemzunguka na sururu zao wakingoja.

"Sasa tuonyeshe, mgunduzi," alisema Chacha.

"Hakuna dhahabu," alisema Martina. "Nilikuwa napima mbolea. Nawaomba msamaha wote. Nilipaswa kuwaambia tangu siku ya kwanza."

Chacha akamgeukia Mihayo, macho yamemlowa kwa kuvutiwa. "Mzee, umelea. Hata sasa bado anaficha." Sururu zikaingia ardhini.

Daktari Apolonia alitia saini juu ya gunia la viazi. Ikabaki ya Daktari Nassibu, na Daktari Nassibu haonekani. Martina alimtafuta garini, jikoni, nyuma ya choo. Mwishowe aliiona suti ikining'inia kwenye mti wa muhogo, na kando yake shimo jipya.

Alichuchumaa ukingoni. "Mwalimu, nahitaji saini."

"Ishushe," ilisema sauti kutoka chini.

Aliweka karatasi na kalamu kwenye ndoo, akaishusha kwa kamba. Kamba ikatingishwa, akaivuta. Saini ilikuwepo, safi kabisa, na juu yake bonge la udongo mwekundu.

"Hebu litazame juani," ilisema sauti.

Martina aliikunja karatasi, akaificha kifuani, kisha akalitazama lile bonge kwa uangalifu wote aliofundishwa.

"Ni udongo, mwalimu."

Chini sururu ilianza kugonga tena.

"Rudisha ndoo," alisema Daktari Nassibu.